Namba Saba Hatazamwi Akila

Kondoo namba tisa alianza kuharisha Jumatatu, na hakuna aliyejua kwa nini. Hakupasuliwa. Aliwekwa kwenye kizimba cha jirani na namba saba kwa kazi moja tu, kumliwaza mwenzake, maana kondoo akikaa peke yake huacha kula na hulia mpaka asikike barabarani. Sasa yeye aliyekuja mzima alikuwa amekonda hata mifupa ya mgongo inahesabika, manyoya yanamtoka kwa mafungu, anakohoa kama mvuta tumbaku. Na namba saba, aliyepasuliwa tumbo wiki tisa nyuma akatiwa kizazi cha kondoo mwingine, alikuwa ananawiri.

"Mgonjwa anapona, aliyekuja kumjulia hali anakufa," alisema mpima damu, mama mmoja mcheshi aliyezoea kuzungumza na sindano mdomoni. "Bwana Zizi, umewaroga?"

"Ningejua kuroga ningeanza na wewe."

Hilo jina la Bwana Zizi alipewa na watu wa kituo kile cha utafiti. Shule aliiacha darasa la nne akaenda kuchunga, na mpaka leo hii, na mvi zake, hajawahi kufanya kazi isiyo na kwato. Katika jengo lile lililojaa watu wenye miwani, ni yeye peke yake aliyeweza kushika sikio la kondoo akasema, huyu kesho atakuwa na homa, na kesho ikawa hivyo.

Daktari mkuu wa upasuaji walimwita Mama Uzi, kwa sababu alishona mishipa ya damu kwa uzi usioonekana mpaka uuinue kwenye taa. Ndiye aliyetoa kizazi cha namba tatu, kondoo mzee aliyekwisha kuzaa mara tano, akakipandikiza kwa namba saba, binti wa huyo huyo namba tatu, ambaye chake kilikuwa kimeondolewa. Meza mbili, muda wa saa saba, watu kumi na moja. Walitaka kuona kama kizazi cha kupewa kitakubali kukaa, na baadaye kubeba mimba. Kikikubali kwa kondoo, zamu ya wanawake itafuata.

"Mwili ni kama mbwa wa ulinzi," Mama Uzi alimweleza Bwana Zizi siku moja. "Ukimletea mgeni, hata awe mwema vipi, atambwekea mpaka amfukuze. Dawa ndiyo inayomlaza huyo mbwa."

Na dawa ilikuwa kazi ya Bwana Zizi. Kila asubuhi alichanganya unga wake na pumba na molasi, akaweka kwenye ndoo ya namba saba. Ndoo ikiisha, anatia alama kwenye karatasi ukutani: amekula.

Alama zile hakuzitia kwa ajili ya mshahara tu. Binti yake alizaliwa bila kizazi. Walijua alipofika miaka kumi na saba, wenzake wote wamekwisha kuvunja ungo, yeye anasubiri kitu kisichokuja. Sasa ana thelathini, ameolewa na mtu mpole, na jina lake liko kwenye daftari la Mama Uzi pamoja na wanawake wengine wanne. Kondoo wakifaulu, yeye atakuwa miongoni mwa wa kwanza. Mtoaji alikwisha kupatikana: mama yake mzazi.

Jambo hilo lilimvuruga Bwana Zizi tangu siku ya kwanza.

"Yaani huyo mtoto atalala chumba kile kile alicholala mama yake," alimwambia mkewe mezani.

"Si chumba kizuri? Kina uzoefu."

"Sasa atakuwa mjukuu wangu, au atakuwa nani?"

"Atakuwa mpangaji," mkewe akasema. "Mwenye nyumba ni mimi. Kunywa chai, mume wangu, inapoa."

Akanywa, lakini hakuelewa. Hakuelewa pia habari ya damu. Kila walipopima damu ya namba saba walikuta dawa ni kidogo kuliko ilivyotakiwa. Mama Uzi alijikuna kichwa, akasema huenda mwili wa kondoo huyu unaimaliza dawa haraka. Akaongeza kipimo. Wiki mbili baadaye akakiongeza tena. "Na kwa wanawake tutaanza na hiki kikubwa," alisema, akiandika. Bwana Zizi aliitikia kwa kichwa. Yeye ni nani hata apinge?

Hapo ni lazima niseme habari ya mgongo wake. Baba yake alimfundisha kwamba kondoo mgonjwa hatazamwi akila. Ukimkodolea macho anadhani unasubiri afe ule nyama yake, na anafunga mdomo. Kwa hiyo Bwana Zizi, miaka yote, akishaweka ndoo humgeuzia mgonjwa mgongo, anachukua ufagio, anafagia ujia mpaka asikie ndoo inagonga sakafu. Hapo anageuka, anaona ndoo tupu, anatia alama.

Jumanne mafundi walileta kabati jipya la dawa, lenye milango ya vioo, wakalisimamisha upande wa pili wa ujia. Jumatano asubuhi Bwana Zizi aliweka ndoo, akageuza mgongo, akainua ufagio, na kwenye kioo akamwona namba tisa.

Namba tisa alikuwa amepitisha kichwa kati ya vyuma viwili, mahali ambapo kimoja kilipinda, na alikuwa anakula. Alikula bila haya, kama mtu aliyealikwa. Namba saba alisimama pembeni kwa adabu zake zote, akingoja. Mwenzake aliposhiba na kurudisha kichwa, ndipo akasogea, akalamba mabaki. Ndoo ikagonga sakafu.

Bwana Zizi hakugeuka. Alibaki anatazama kioo, ufagio mkononi. Kumbe ni dawa inayommaliza namba tisa. Na kila walipoongeza, waliongeza sumu kwa jirani. Lakini huyu saba je? Anaishi kwa kulamba ndoo, na kizazi chake kila wiki kinachunguzwa, kinaonekana chekundu na hai. Ni habari njema hiyo, au mbaya? Akisema, wiki tisa zimekwenda na maji, na binti yake anarudishwa nyuma ya foleni. Akinyamaza, watamwekea binti huyo huyo kipimo kinachomtoa namba tisa manyoya. Alizigeuza hizo habari huku na huku kama mtu anayetafuta shingo ya nguo gizani.

Simu ikalia. Ni binti yake. Alipiga kila siku saa hiyo.

"Shikamoo baba. Saba ameamkaje?"

"Marahaba. Mzima."

"Amekula?"

Karatasi ilikuwa mbele yake, kalamu inaning'inia kwenye kamba.

"Hajala."

"Anaumwa?"

"Hapana, mama. Ni mzima kabisa."

"Sasa mbona hajala?"

"Sielewi. Nitakupigia."

Alimkuta Mama Uzi ofisini, akamweleza akiwa amesimama, kuanzia baba yake mpaka kabati.

"Tangu lini?"

"Sijui. Sikuwa natazama."

"Na alama hizi zote?"

"Niliona ndoo tupu."

Namba tisa akahamishwa, akapimwa damu. Jioni mpima damu alileta majibu bila mzaha wowote, na kwa hilo tu Bwana Zizi alijua. Damu ya namba tisa ilikuwa imejaa dawa.

"Kwa hiyo mbwa wa saba amelala kwa kulamba mabaki?" Bwana Zizi aliuliza.

"Sijui," alisema Mama Uzi. "Labda kwa kuwa kizazi ni cha mama yake, mbwa anaijua harufu. Labda anakaribia kuamka. Nimesoma miaka ishirini, na leo sijui."

"Na binti yangu?"

"Tunaanza upya. Kondoo sita, kila mmoja na kizimba chake. Mwaka mmoja, labda miwili." Akafunga faili. "Nina hasira na wewe, Bwana Zizi."

"Najua."

"Ila kama usingesema, kipimo cha namba tisa ndicho ningempa mwanao. Hilo nalo nalijua."

Alimpigia binti yake akiwa njiani. Akamweleza yote.

"Sasa baba, hii ni heri au shari?"

"Sijui, mama. Hata daktari hajui."

"Baada ya miaka miwili nitakuwa na thelathini na mbili."

"Ndiyo."

"Na mama?"

"Nimekwisha kumpigia mama yako. Anasema nyumba yake haina haraka."

Akasikia kitu kama kicheko, au kilio kifupi. Simu zina mchezo huo.

Alhamisi asubuhi alichanganya dawa, kipimo cha mwanzo, kile kidogo. Akaweka ndoo, akavuta kigoda, akakaa uso kwa uso na namba saba. Namba saba akamtazama, mdomo umefungwa. Bwana Zizi akamtazama. Kizimba cha jirani kilikuwa kitupu. Mgongo ulimwasha kwa hamu ya kugeuka. Hakugeuka.