Shabiki Pekee wa Nungunungu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa Marekani kuhesabu mashabiki wa besiboli. Besiboli yenyewe siijui. Ninachokijua ni kapelo, zile kofia za mtumba zenye herufi na wanyama mbele, ambazo hapa Korogwe kila mtu anazo na hakuna anayejua zinasema nini.

Lakini kwanza nieleze nililala na nini moyoni. Mimi, Hoza, ni katibu wa tawi la mashabiki wa Katani Stars. Jumapili iliyopita tulikuwa tunaangalia mechi bandani kwetu, tukapigwa bao tatu kabla ya mapumziko. Nikashika tumbo, nikasema linanisokota, nikaenda zangu nyumbani. Niko mlangoni, nasikia kelele: tumerudisha moja. Navua viatu, kelele tena. Bao la tatu linaingia nimeshajilaza, na hapo ndipo tumbo lilipouma kweli.

Katibu kuikimbia timu ni kosa kubwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Shekilindi, akatuma ujumbe kwamba leo mchana atapita kwangu "tuzungumze kuhusu ukatibu." Nikaona dawa ya mzee yule ni kuku wa nazi.

"Kuku gani?" akauliza mke wangu, Kidawa.

"Si yupo Mstaafu?"

Mstaafu ndiye kuku wetu wa pekee. Kidawa alimpa jina hilo kwa sababu aliwahi kuacha kutaga mwaka mzima, kisha akarudi kazini bila kuitwa. Sasa alikuwa analalia mayai matano kwenye kona ya jiko, ndani ya kapelo kuukuu ya bluu yenye nungunungu mbele.

"Zimebaki siku tatu aangue," Kidawa akasema. "Siku tatu tu, Hoza! Huna hata haya?"

Nikamwambia kisu nimeshanoa, asubuhi namchinja. Akanigeuzia mgongo. Ndivyo tulivyolala.

Basi nikajikuta Marekani. Ni mchana kweupe. Uwanja unafanana na stendi yetu ya mabasi, ila una majani na hakuna anayekuvuta mkono upande gari lake. Mlangoni kuna meza, na nyuma ya meza ameketi glovu. Ni glovu la ngozi tu, la kudakia mpira, ukubwa wa mtu mzima, limefunga tai.

"Karibu, Katibu," akasema Bwana Glovu. "Mchezo una zamu tisa, wewe umekuja ya sita. Zamu ya tisa ikiisha, hesabu inafungwa."

"Hesabu ya nini, mheshimiwa?"

"Tunaandika kila timu inapendwa na watu gani. Timu isiyo na shabiki hata mmoja inafutwa."

"Inafutwaje?"

Akachukua kifutio cha ubaoni, akakipitisha juu ya kikombe chake cha chai. Kikombe hakikuwepo tena. "Hivyo," akasema, akanipa kalamu.

Wanaingia kwa makundi. Kwanza wanapita wanaotumia mkono wa kushoto. Hao wote wanawapenda Kengele wa Mlimani, na wananisainia daftari wakilifunika kwa kiwiko. Kisha wanapita mama wakwe. Wao wako na Nyundo za Chuma, kwa sababu wachezaji wa Nyundo huchomekea mashati. Nawaandika kwa adabu zote, hata yule anayeniuliza mbona nimekonda na mke yupo.

Halafu linaingia kundi ambalo halina mwisho. Ni waendesha bodaboda, wauza mkaa, mabibi wa shambani na majembe yao, na bwana harusi mmoja mwenye suti. Wote wana kapelo za Tai wa Bandarini. Katikati yao namwona Chambuso, kinyozi wangu.

"Chambuso! Kumbe unashabikia Tai?"

"Tai gani, Katibu?"

"Si hao hapo kwenye kofia yako?"

Akaivua, akaitazama. "Mimi niliipendea inaficha upara," akasema. "Kinyozi mwenye upara, nani atamwamini?"

Nikamgeukia Bwana Glovu kuuliza kama huyu naye anahesabika. "Andika," akasema. "Akivaa ameshabikia. Na anayekaa, ameshabikia vilevile. Sisi hatuingii mioyoni mwa watu."

Nikaandika hadi kalamu ikaomba maji. Nahodha wa Tai alikuja kusoma daftari langu, jitu refu lenye mabega mapana, likaanza kulia pale pale. "Napendwa na watu milioni kumi na moja," akasema, "na hakuna hata mmoja anayenijua." Mabibi wa shambani wakamwambia pole, baba, kisha wakamuuliza kama ana kofia nyingine.

Zamu ya nane imeisha. Nafungua ukurasa wa mwisho, naona umeandikwa juu: Nungunungu wa Mto Baridi. Chini yake hakuna kitu.

Nikawatafuta wenyewe. Wako kwenye benchi lao, wachezaji tisa, wameshaanza kufutika pembeni. Mmoja hana viwiko. Nahodha wao, anaitwa Wilbati, amebaki bila masikio, kwa hiyo kofia imemshukia mpaka puani na anaongea akiwa ameinua kidevu.

"Tumefungwa mechi mia moja na kumi na nne mfululizo," akasema. Hakuonekana kukasirika. "Tulikuwa na mashabiki. Waliondoka siku moja, wote, zamu ya tatu."

"Walisema nini?"

"Walisema tumbo linawauma."

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri tu, lakini nilivitazama muda mrefu.

Bwana Glovu akasimama na kifutio. Wilbati akavua kofia yake, akaishika kifuani, tayari kwa lolote. Ilikuwa ya bluu, na mbele ina nungunungu. Ni kama ile anayolalia Mstaafu.

"Jamani, subirini!" nikapiga kelele. "Shabiki yupo! Yuko Korogwe, jikoni kwangu!"

"Amevaa?"

"Amekalia."

Bwana Glovu akafungua kitabu cha kanuni. Kitabu kikakohoa, kikajisoma chenyewe: "Shabiki ni yule anayekaa." Kikajifunga.

"Amekaa muda gani?" akauliza Bwana Glovu.

"Siku kumi na nane."

"Huinuka?"

"Mara moja kwa siku, dakika tano, anakula na kunywa. Kisha anarudi mbio."

"Timu ikifungwa?"

"Hajawahi hata kuuliza matokeo."

Uwanja mzima ukaguna kwa heshima. Mama wakwe wakaanza kunitazama kama mtu. Bwana Glovu akainamia daftari ili aandike, kisha akainua uso. "Na huyo shabiki atakuwepo zamu ya tisa ikiisha?"

"Atakuwepo," nikasema.

"Hapana," ikasema sauti kutoka mfukoni mwangu. Ilikuwa sauti ya kisu. "Samahani kwa kuingilia, lakini mimi nimeshanolewa. Ni kuku wa nazi, mchana."

Watu elfu sitini wakanigeukia. Sijawahi kuona aibu kama ile, na mimi nimewahi kuanguka na keki ya harusi ya watu.

"Mchezo uendelee," akasema Bwana Glovu. "Tutakwenda kumwona huyo shabiki mpira ukishapigwa, wakati wa mbio."

Wilbati anashika gongo. Mpira mikononi mwa mrushaji ni mweupe, umeshonwa kwa uzi mwekundu, na unalalamika. "We Wilbati, leo usinipapase," unasema. "Nipige niende. Nimechoka na baridi ya huku, natafuta pa kulala penye joto. Nikitoka humu sirudi." Mrushaji anarusha. Wilbati anapiga. Mpira unapita juu ya ukuta, juu ya mabango, juu ya mawingu mawili, na hauonekani tena.

Wilbati anakimbia kuvizunguka vituo vinne vya mchezo, na mimi na Bwana Glovu tunakimbia pembeni yake. Kituo cha kwanza kipo. Kituo cha pili hakipo, kimeibwa, na askari aliyesimama pale anatueleza kuwa huku kuiba kituo ni halali, mradi uibe unakimbia. Kituo cha tatu ni banda la tawi letu. Mzee Shekilindi amekaa peke yake kwenye benchi na skafu shingoni, anaangalia televisheni iliyozimwa. "Tumefungwa tatu," ananiambia, "lakini dakika bado zipo." Nampita bila kumjibu.

Kituo cha mwisho huko kwao wanakiita nyumbani. Mchezaji akifika nyumbani, pointi imeingia. Tukakata kona, na nyumbani kulikuwa ni kwangu. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

"Ni nyumba yako, Katibu," akasema Bwana Glovu. "Ukimkaribisha, ameingia. Ila mkiingia wewe na hicho kisu, mimi ninafuta."

Nikachungulia dirishani. Mstaafu alikuwa kwenye kona yake, amejitandaza juu ya kofia.

"Punguzeni kelele," akasema. "Watu tuna mayai."

"Mstaafu," nikamwita kwa upole, "hivi wewe unawapenda Nungunungu?"

"Siwajui."

"Sasa mbona umekaa?"

"Si nilishakaa?" akasema. "Niinuke halafu iweje? Nani atakuja kunimalizia?" Akageuza shingo, akaniangalia kwa jicho moja. "Na wewe Jumapili ulipoinuka, ulikuwa unawahi wapi? Nilikuona. Ulilala chali hapo chumbani, unasikiliza kelele za wenzako."

Nilitaka kusema tumbo, neno likagoma kutoka. "Niliogopa kuumia," nikasema. "Nikaumia zaidi."

"Haya," akasema Mstaafu. "Mfungulie mwenzio, amechoka."

Nikatoa kisu, nikakiweka chini nje ya mlango. Kikauliza, "Na mimi nitafanya nini?" Nikakiambia kitakata vitunguu. Nikafungua mlango. "Karibu nyumbani, Wilbati."

"Ahsante, nimeshakaribia," akasema, akaweka mguu ndani. Masikio yake yakarudi, moja, halafu la pili, na kofia ikapanda mahali pake. Bwana Glovu akaandika kwenye ukurasa wa mwisho: kuku, mmoja. Akapiga muhuri.

Matokeo yalikuwa Nungunungu moja, Tai kumi na mbili. Walishangilia, jamani! Walibebana, wakamwagiana maji, yule aliyerudishiwa viwiko akawa anawapiga navyo wenzake mbavuni kwa furaha. Nahodha wa Tai alikuja kuuliza kama na yeye anaweza kupata kuku.

Hapo nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na Kidawa hayupo. Nikamkuta amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani.

"Kisu chako hicho," akasema bila kunitazama.

"Katia vitunguu. Bandika maharage."

"Maharage? Na Mzee Shekilindi?"

"Atakula maharage. Na nitamwambia mwenyewe kwamba Jumapili sikuumwa tumbo. Nilikimbia. Akitaka ukatibu auchukue, mimi nitakuja kukaa tu, mpaka filimbi ya mwisho."

Kidawa akanigusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja. Alipoona sina homa, akacheka mpaka akashika kizingiti. Ilikuwa wiki nzima sijamsikia akicheka. Kisha akachuchumaa kwenye kona, akapitisha mkono chini ya Mstaafu kukagua mayai, akihesabu kwa kunong'ona. Akasita. Akahesabu upya.

"Hoza, mimi niliweka mayai mangapi?"

"Matano."

"Sasa hili la sita la nani?"

Akalitoa. Lilikuwa la mviringo, kubwa kuliko mengine, jeupe, la ngozi ngumu, limeshonwa mistari miwili kwa uzi mwekundu. Lilikuwa na jani bichi limenasa kwenye mshono. Nikalishika. Upande mmoja ulikuwa umeshapata joto, wa pili bado wa baridi.

Mstaafu akamdonoa Kidawa mkononi.

"Mrudishie," nikasema. "Limetoka mbali."

Kidawa akaniangalia, akaliangalia, akalirudisha. Mstaafu akalivuta kwa mdomo, akalisogeza katikati ya mengine, akakaa.