Upepo wa Alfajiri Mjambere

Upepo wa kusi uliposhika, Suleiman alivuka feri kwenda Likoni kumchukua mkewe. Tangu Januari, msimu wa kaskazi, Jalila alikuwa kwa mamake kwa ajili ya pumu, na Suleiman alikuwa akimwendea kila Ijumaa kama mchumba: anakaa sebuleni, anakunywa chai ya tangawizi, anaaga kabla ya Isha. Nyumbani kwao Mjambere aliendelea kulala upande wa ukutani, ingawa kitanda kizima sasa kilikuwa chake.

Alikuwa mwalimu wa jiografia, na hoja zake alizileta zimepangwa.

“Jaa la takataka liko kaskazini ya nyumba yetu,” alimweleza mama mkwe wake, Bi Mwanarehema. “Wakati wa kaskazi moshi wake unatujia sisi. Sasa ni kusi, mama. Upepo unatoka baharini, unausukuma moshi bara. Hewa yetu sasa ni sawa na hii yenu.”

“Na upepo umeshakisoma hicho kitabu chako, mwanangu?”

“Mama!” Jalila alicheka. Alikuwa amekwisha kuvaa buibui.

“Mimi sisemi kitu. Mke ni wako. Lakini ukiniletea mwanangu analia kifua kama paka, wallahi utarudi kwenu kwa kuogelea.”

Jioni ile mapazia ya Mjambere yalijaa upepo. Jalila alipita chumba hata chumba akigusa vitu vyake. “Sufuria hii umeiosha,” aliuliza, “au umeionyesha maji tu?” Alitaka kufukiza udi, Suleiman akakataa, naye akakubali shingo upande. Walikula samaki wa kupaka kwa sahani moja. Alipolala, pumzi zake hazikuwa na mluzi hata kidogo.

Kabla ya alfajiri upepo ulilegea. Nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari. Upepo wa baharini ukinyong’onyea, hewa baridi ya bara huteremka polepole kuelekea pwani, nayo hubeba chochote inachokikuta njiani. Suleiman aliwafundisha wanafunzi wake jambo hilo kila mwaka, kwa mchoro. Alikuwa amelikumbuka akiwa ndani ya feri, akajiambia kuwa kusi ina nguvu za kutosha.

Aliamshwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Jalila alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yamepanda. Dawa yake ya kuvuta haikumfaa kitu. Suleiman alivaa shati gizani, akamwita jirani mwenye tuktuk.

Kwenye zahanati walimvisha kinyago cha mvuke wa dawa. Jua lilipokwisha kupanda, waliketi nje kwenye benchi.

“Huo upepo wa alfajiri,” alisema Jalila, maneno yakimtoka mawili mawili. “Hukuujua?”

“Niliujua.”

“Mwalimu mzima.”

“Nilidhani kusi itaushinda.” Na kwa kuwa hiyo haikuwa kweli yote, aliongeza, “Nilitaka uje.”

Jalila alinyoosha mkono, akafungua vifungo vya shati ambavyo Suleiman alikuwa amevifunga kombo, akavifunga sawa, kimoja kimoja.

“Nami nilitaka kuja,” alisema. “Ndiyo maana sikukuuliza jana.” Akapumzika. “Nenda kaniletee nguo zangu. Zote, Suleiman. Hata za sandukuni.”

Alirudi nyumbani peke yake. Alitandaza nguo za Jalila kitandani, akazikunja moja baada ya nyingine, mikono ndani, pindo juu, kama alivyomwona yeye akifanya. Alikuwa hajafika nusu pale mapazia yalipoanza tena kuvimba. Kusi ilikuwa imerudi. Hakukuwa na chembe ya moshi. Alisimama dirishani akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikamjaa, kisha akarudi kukunja zilizobaki.