Isale la Baba Eliudi

Sisi watu wa Kirua Vunjo tunajua kugombana. Tunagombania mpaka, maji ya mfereji, mbuzi aliyekula mche wa kahawa, na tukimaliza hayo tunagombania nani alikaa benchi la mbele kanisani. Lakini ukitaka kuomba radhi ya kweli unakata jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Anaweza kukataa kulishika, ingawa ni wachache wenye moyo huo. Akishalipokea mkononi, amesamehe, na hakuna kurudi nyuma. Baba yangu alikuwa mkali kama nyuki, lakini alilipokea kutoka kwa mtu aliyemvunja mkono, na wakanywa pombe ya mbege pamoja mpaka uzeeni.

Nasema haya mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nilijua.

Jumatatu ile nilikuwa nakata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe, simu ikaita. Namba ngeni.

"Mama."

Nikakaa chini hapo hapo juu ya majani. Sauti ya mwanangu Ronald sikuwa nimeisikia kwa miaka minne.

Aliondoka na Eliudi, mtoto wa jirani yangu Filemon. Kati ya nyumba zetu mbili kuna njia nyembamba inayopita kwenye migomba, na ni miguu ya watoto hao wawili iliyoichimba. Walipokua wakawa wapagazi wa mlimani, mpaka korona ilipowazuia wageni na kazi ikafa. Wakasikia kwamba Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kuna mawe mekundu ya thamani. Wakaenda kuchimba. Walipiga simu miezi michache, kisha kimya. Redioni tukawa tunasikia habari za watu wenye mapanga na bendera nyeusi kule, wanachoma vijiji na kuchinja watu, mpaka mimi nikaacha kuwasha redio. Kila Jumapili baada ya misa Filemon aliniuliza, "Mama Ronald, hakuna neno?" Nami nikamjibu, "Hakuna, Baba Eliudi." Ndiyo ilikuwa salamu yetu miaka yote hiyo.

"Uko wapi?" nikamwuliza Ronald.

"Nimevuka mto, niko upande wa kwetu. Mama, nilikuwa nao."

Hakuwa na haja ya kusema akina nani.

Alisimulia haraka haraka, kama mtu anayeogopa nitakata simu. Machimboni walipigwa na kufukuzwa, wakakaa siku tatu bila kula. Vijana fulani wakawapa wali na mahali pa kulala. Walikuwa vijana wa huko huko, wavuvi na wachuuzi, ambao miaka mingi nyuma waligombana na wazee wao misikitini. Walisema wazee wameiuza dini, shule ya serikali ni haramu, na serikali yenyewe ni haramu. Wakajitenga, wakajenga kibanda chao cha kusalia. Baadaye wakaja walimu wageni, wakaja na maneno makali zaidi, na mwisho zikaja bunduki.

"Walitulisha kwanza, mama," Ronald akasema. "Hayo mengine yalikuja tukiwa tumeshiba."

"Na Eliudi?"

"Eliudi alikataa. Aliniambia tutoroke, akanionyesha na njia. Nikaenda kumwambia kiongozi. Niliogopa, mama, nilidhani ametumwa anijaribu. Wakamuua. Kaburi nililichimba mimi, liko chini ya mkorosho."

Akaendelea kuongea. Alitaka kujisalimisha polisi, ahukumiwe, afungwe hata maisha, mradi afungwe nchini kwake. Lakini kwanza alitaka jambo moja. "Mpelekee Baba Eliudi isale kwa ajili yangu. Akikataa, narudi kule kule. Sina pengine pa kwenda. Nitakupigia Alhamisi."

Nilimchukia mtoto yule kwa moyo wangu wote, na papo hapo nikajiuliza kama amekula.

Jumanne nikateremka Chekereni kwa Mzee Twaha. Ni mkulima wa mpunga. Nampelekea ndizi na kuchukua mchele kwake tangu nilipoolewa, na kwa miaka mingi alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji chao. Nilimkuta ndani ya jaruba, matope yamefika magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo vipi?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anang'oa magugu, kisha akaacha kuyang'oa.

"Hata kwangu walifika," akasema. "Vijana wawili wapole, wakaomba pa kulala. Wiki ya pili wakawa wanaingia msikitini na viatu, hawasali nyuma yangu, na wanawaambia vijana wetu kwamba mimi ni kafiri. Mimi, niliyewafundisha baba zao kusoma Kurani! Nikawafukuza. Wakaondoka na vijana watatu wa hapa, na mimi nikarudi shambani nikidhani kazi nimeimaliza. Sikuwauliza wanakwenda wapi. Kila msikiti uliwafukuza hivyo hivyo, wakahamia kwa jirani, mpaka wakapata mahali ambapo hakuna wa kuwafukuza."

"Ronald anasema amesilimu," nikamwambia.

"Hakusilimu! Walimbadilisha jina wakampa panga. Usiniletee huyo mlangoni kwangu ukasema ni Mwislamu mwenzangu." Alipotulia akaongeza, "Aende polisi, tena upesi. Na huyo mzazi mwenzio, mwambie kweli kwanza, ndipo umpe hilo jani lenu."

Kwanza. Alilitamka vizuri, nikalisikia vizuri, na njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa naligeuza kichwani nikitafuta namna ya kulikwepa.

Jumatano asubuhi nikakata isale, nikalifunga fundo, nikapita njia ile ya watoto. Filemon alikuwa anapogoa kahawa. Aliponiona akaweka panga chini na kufuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, Mama Ronald."

Nilinyoosha jani kabla hata sijamsalimu. "Baba Eliudi, nimekuja kukuomba radhi kwa ajili ya mwanangu."

Akalitazama, kisha akatabasamu kwa huruma, na ile huruma yake ndiyo mpaka leo inanichoma.

"Kwa sababu Ronald ndiye aliyemshawishi mwenzake waende? Mae, Mama Ronald! Hilo nililisamehe siku nyingi. Watoto wote ni wetu."

Hapo nilipewa nafasi. Mdomo nilikuwa nao, na ulimi nilikuwa nao. Ningesema, subiri, Baba Eliudi, si hilo. Nilinyamaza. Nilimwacha anyooshe mikono yake miwili, kama tulivyofundishwa na wazazi, na alipokee.

Ndipo nikamwambia.

Filemon alikaa chini kwenye matawi aliyokuwa ameyakata. Aliniuliza ule mkorosho ni mkubwa au mdogo. Nikasema sijui. Akauliza tena, kama vile jibu lingekuwa limebadilika. Jani lilikuwa bado mkononi mwake. Niliona vidole vinataka kufunguka, nikaona anavizuia.

"Ronald nimemsamehe," akasema. "Limeshaingia mkononi, siwezi kulitoa. Mwambie aje. Simgusi, na ndugu zangu nitawaambia wasimguse. Hukunipa nafasi ya kukataa, Mektrida."

Tangu niolewe hapa kijijini hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Pengine ningelipokea," akaendelea, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Ningejua yote, na pengine ningelipokea kwa hiari yangu. Sasa sitajua kamwe. Hicho ndicho ulichoniibia. Hili la mwanao nimelipokea. La kwako wewe hujaleta."

Alhamisi Ronald akapiga simu. Nikamwambia Baba Eliudi amepokea.

"Ulimwambia yote?"

"Yote," nikasema. Hakuniuliza nilianza na lipi.

Alijisalimisha kesho yake. Yuko mahabusu, anasubiri kesi. Filemon alikwenda kumwona mara moja tu, akarudi na karatasi ambayo Ronald alimchorea: kisima, njia panda, mkorosho. Akazunguka nayo kwa wakubwa wa serikali, na kila mmoja akamwambia kwamba huko hakuendeki. Basi akaiweka karatasi ile ndani ya chupa, akaizika kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, pale alipokuwa ametenga mahali pa kuzikiwa yeye mwenyewe, na juu yake akapanda isale. Padre alikuja, na kijiji kizima. Mimi nilisikiliza nyimbo nikiwa jikoni kwangu, nimeshika mwiko, sipiki chochote.

Wiki iliyofuata akapanda masale mengine, mstari mzima, kukata ile njia ya watoto. Masale hushika haraka, na sasa yamenifika kiunoni.

Jumapili tukikutana nje ya kanisa ananiambia, "Tumsifu Yesu Kristo." Namjibu, "Milele amina." Haniulizi neno lolote tena, maana hakuna linalongojwa.

Kila Jumamosi nakata jani, nalifunga fundo, nakwenda nalo mpaka kwenye mstari ule. Ningeweza kuupita, si ukuta. Namwona yuko kwenye kahawa yake, naye nadhani ananiona. Nasimama hapo mpaka miguu ichoke, kisha narudi nalo nyumbani, kwa sababu safari hii anajua kila kitu, na anaweza kukataa.