Uvimbe wa Fartun na Toba za Kiwanjani

Ukitaka kujua siri za mtaa wetu wa Kiwanjani, usijisumbue kupeleleza. Ota uvimbe pajani tu, utaletewa nyumbani.

Wangu ulianza kama punje ya dengu, ukakua mpaka ukawa kama yai. Sikuujali. Nauza maziwa ya ngamia, na muuza maziwa hana muda wa kukagua paja lake. Siku niliposhindwa kukalia kigoda, Daktari Kiambi alinipiga picha, akakunja uso. Akasema inaonekana kama kansa, lakini tungoje: angekata kipande kikachunguzwe Nairobi.

Hilo "lakini" halikufika Kiwanjani. Kansa ilifika kabla yangu.

Wakaja. Si unajua sisi Waislamu, mgonjwa akiwa wa kufa tunamwendea tukaombane msamaha, asije akaondoka na kinyongo. Mimi sikuwa nimesema ninakufa, lakini nani aliniuliza? Wifi yangu Shamis alilia mpaka mtandio ukalowa, akakiri kwamba ndiye aliyetangaza sokoni eti maziwa yangu yana maji. Jirani yangu Kuno akakiri kwamba jogoo wangu hakuchukuliwa na mwewe.

"Alichukuliwa na nani?"

"Na sisi, dada. Lakini tulisema bismillahi."

Subhanallah, wachamungu hao! Nikawasamehe wote. Ningefanyaje, na wameshaleta sukari?

Mume wangu Sakariye peke yake hakuomba kitu. Kila akirudi na lori lake la vitunguu kutoka Rapsu, alikaa mlangoni akinitazama na kulia. Nami, mjinga wa mwisho, nikafarijika. Kufa niliogopa, wallahi niliogopa sana, lakini nilijiambia angalau nitaliliwa na mtu anayenipenda.

Jibu likaja. Safari hii Daktari Kiambi alikuwa anacheka.

"Mama, si kansa. Ni protini inaitwa amiloidi, imejikusanya hapo pajani ikajifanya uvimbe mbaya. Moyo na figo tumepima, ziko sawa. Tutaitoa, urudi kwa maziwa yako."

Nikasujudu palepale kwenye sakafu ya kliniki. Kisha nikapanda boda, na njiani sikumwambia mtu, hata Shamis aliyenipungia mkono wa buriani. Nilitaka Sakariye awe wa kwanza kusikia.

Nikamkuta kwenye mkeka, macho mekundu.

"Baba Mulki," nikaanza, "nina habari."

"Ngoja niseme mimi kwanza, kabla sijaogopa tena." Akanishika mkono. "Kule Rapsu nina mke. Anaitwa Amran. Tuna mtoto."

Ala! Na mimi miaka yote hii najiuliza ni vitunguu gani visivyoisha kuvunwa.

Iliniuma. Iliniuma kuliko kile kisu cha daktari, maana daktari angalau alinipiga ganzi kwanza.

"Nisamehe, Mama Mulki," akasema huku analia. "Nilipanga nimlete hapa ukishatangulia, asaidie kumlea Mulki. Usiondoke na kinyongo na mimi."

Kumbe yale machozi ya mlangoni yalikuwa ya mtu anayepima mahali pa kuweka kitanda kipya. Nikamfuta uso kwa ncha ya mtandio wangu.

"Nimekusikia, mume wangu. Sasa na wewe unisamehe."

"Wewe? Wewe umenikosea nini, mwanamke mwema?"

"Sifi."