Kibanda cha Wavutaji

Siku ya kumi na tisa Ngatia hajagusa sigara, watu wa kanjo, yaani baraza la mji, walileta mabati na misumari, wakajenga kibanda cha wavutaji ubavuni mwa meza yake ya viatu vya mitumba, sokoni Nyeri. Kilikuwa kijengwe karibu na hoteli ya diwani. Diwani akakataa harufu.

Baba yake, Mutahi, aliona ametemewa mate. Mkewe Murugi alizikwa mwaka uliotangulia, kifua kimemmaliza, na kijana aliapa kaburini kwamba ataacha. Hata sheria mpya ya kukataza kuvuta hadharani ilimsaidia. Ukivuta sokoni unashikwa, kwa hivyo kila mara alipanda mlima mpaka nyuma ya kinu cha posho. Akachoka kupanda, akaacha.

"Sasa imenifuata kazini, Baba," Ngatia alisema, akipaka kiatu rangi bila kuinua uso. "Nikinusa tu, mate yananijaa."

Mutahi alienda ofisi ya kanjo mara tatu. Mara ya tatu karani Mwikali alimwambia, "Mzee, sheria inasema wawe na mahali. Haijasema ni wapi."

"Na kijana wangu?"

"Kwani amekatazwa kuhama?"

Ati kuhama, na nafasi sokoni wanagawa wao.

Jumanne asubuhi Mutahi alibeba madebe mawili ya mavi ya ng'ombe, mabichi, akayamwaga kibandani mpaka mlangoni. "Wavutie hapo sasa."

Saa nne mvua ikanyesha. Wavutaji sita walichungulia kibandani, wakacheka, wakaja kujikinga chini ya turubai la Ngatia, sigara zikiwaka.

"Leo tumekaribishwa dukani," mmoja alisema.

Mutahi alikuwa bado anawafukuza kwa fimbo askari wa kanjo walipofika. Walishika wote sita, na Ngatia pia, kwa kuwa meza ni yake.

"Huyu havuti," Mutahi alisema. "Mavi nilimwaga mimi. Nishikeni mimi."

"Mavi hayako kwa sheria, mzee. Moshi ndio uko."

Jioni Ngatia aliachiliwa. Alikuwa ameketi seli mchana kutwa na wale sita, na huko ndani hakuna wa kumkataza mtu kuvuta. Alipita meza yake, akaruka mavi, akaingia kibandani. Kiberiti kikawaka.

"Ngatia, toka huko."

"Si hapa ndipo wanaruhusu?" Kijana alivuta. "Baba, kwa nini ulileta mavi?"

"Ni diwani," Mutahi alisema. "Kingejengwa kwake, haya yote hayangekuwa."

Ngatia alikohoa kidogo kama mtu aliyesahau kuvuta, kisha akakumbuka, akaacha kukohoa.