Watoto Wasiolia

Jua lilipochomoza nyuma ya mlima wa Sagala, Branice Ajwang' alikuwa tayari amelowa utomvu wa mkonge hadi kwenye viwiko. Alikata jani, akakata mwiba wa ncha, akalitupa kwenye fungu. Kisha akasimama tena na kutega sikio.

Kituo cha watoto kilikuwa ng'ambo tu ya barabara ya matrekta. Kutoka pale shambani ungesikia jogoo wake, ungesikia hata mfuniko wa sufuria ukianguka. Ila watoto hukuwasikia.

"Mama Jeco, mbona unasimama kama swara?" Mumbe, aliyekata mstari wa pili, aliuliza bila kuinua kichwa. "Unasikiza nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi si ushukuru? Zamani wako tungemsikia kutoka hapa mpaka Voi."

Ilikuwa kweli. Jeconia alizaliwa akilia, akaendelea kulia. Muuguzi wa zahanati alimpima, hakuona ugonjwa. Mchungaji alimpaka mafuta, mtoto akalia mpaka mafuta yakakauka. Mwishowe mama mkwe alipiga simu kutoka Siaya. "Huyo anatafuta jina lake," alisema. "Simama naye mlangoni, uwaite marehemu wetu mmoja mmoja. Akisikia lake, atanyamaza."

Branice alikuwa mtu wa maombi, na jambo hilo lilimwogopesha. Lakini usingizi ulikuwa umemwishia. Jumamosi moja, jioni, alisimama mlangoni mwa chumba chake kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, akawaita. Akataja shangazi, akataja babu. Alipofika kwa Odera, baba mkwe wake aliyefariki, mtoto alishikwa na kwikwi, akashika titi, akalala.

Jumatatu iliyofuata shamba likafungua kituo, kwa msaada wa mradi wa majirani: Kenya, Tanzania na Uganda kusaidiana kulea watoto wadogo na kufundisha familia zao. Branice akampeleka Jeconia huko. Tangu siku hiyo hakumsikia akilia tena.

Laini nzima ilimwita mtoto Mzee Odera. Majirani walimpigia goti kwa mzaha, wakamwomba tumbaku. Branice alicheka nao. Ila jioni alipokwenda kumchukua, mtoto hakumnyooshea mikono. Alilala tu, macho nusu wazi, mdomo umelegea upande, akitazama pembe ya dari. Na hivyo ndivyo marehemu Odera alivyokaa mwaka wake wa mwisho, baada ya kupooza, kwenye kiti chake kando ya ghala. Mdomo ule ule. Utulivu ule ule wa mtu anayesubiri kuitwa.

"Mungu wangu," Branice alikuwa akiomba, akiosha nepi ambazo siku hizi zilikaa kavu muda mrefu, "mimi nilimwita jina tu. Sikumwita mwenyewe."

Asubuhi hiyo, kabla ya saa ya uji, Titus, nyapara, alipita kati ya mistari akipiga filimbi.

"Wamama wenye watoto kituoni, wekeni visu chini. Nendeni mkanawe. Wageni wa mradi wameshafika Mwatate, wametoka Moshi na Kampala, wamepitia Taveta. Leo mtafundishwa malezi."

"Na mkonge nani atakata?" Mumbe akauliza.

"Utaukata ukirudi, haujui kutoroka. Na mkiulizwa, semeni mmefurahi. Msijikune mbele ya wageni."

Walinawa kwenye mfereji, lakini utomvu wa mkonge hautoki kwa maji. Wakaenda wakijikuna njiani ili wasijikune wakifika.

Kituo kilikuwa kimepakwa rangi mpya. Bango lilining'inia mlangoni: MAJIRANI PAMOJA, MALEZI BORA. Ndani, watoto walilazwa kwenye mikeka, safu kwa safu, nyuso juu. Midoli ilikuwa imepangwa rafuni, bado kwenye plastiki yake. Akina mama waliingia wakiongea, na bila kuambiwa na mtu wakashusha sauti, kama watu wanaoingia nyumba yenye maiti.

Nzi alitembea kwenye mdomo wa mtoto mmoja. Akauzunguka wote, akasimama, akaanza tena. Mkono mdogo haukuinuka kumfukuza.

Mumbe aliinama juu ya binti yake, Wendy. "Hata huyu wangu siku hizi halii," alinong'ona. "Nimepata raha."

"Nyinyi mlimwita nani?" Branice akauliza.

"Kumwita nani? Sisi jina tulishampa zamani, bila kubembeleza mtu." Mumbe alitabasamu. "Ama huyo mzee wenu ameingia watoto wote?"

Alianza kucheka. Kicheko kikamkatikia katikati.

Branice akatazama mikeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Shanice wa dereva wa trekta. Ben. Mapacha wa jirani yake wa ukutani. Wote macho nusu wazi, wote midomo imelegea upande. Hao nani aliwasimamisha mlangoni jioni? Marehemu mmoja angewezaje kukaa katika watoto wote hawa?

Alipiga magoti, akamwinua Jeconia. Kichwa kikaanguka nyuma kama maua yaliyokatwa asubuhi.

"Odera," aliita. Kope hazikutikisika. "Jeconia. Jeco."

Akaweka pua kwenye mdomo wa mtoto. Ulinukia utamu wa dawa, utamu wa matunda yasiyoota popote.

Mwalimu Lois alikuwa amesimama kando ya kabati. Alikuwa msichana mpole kutoka Wundanyi, na kituo kizima alikiendesha yeye mwenyewe.

"Mwalimu, umewapa nini?"

Lois alitazama mlango kwanza. "Ni dawa ya mafua tu, mama. Inawatuliza."

"Wangu hana mafua."

"Niko peke yangu hapa. Waliahidi kuniletea wasaidizi, hawakuja. Wewe hujui watoto hawa wote wakilia pamoja inakuwaje. Mratibu alisema kelele zikizidi, mradi utapelekwa kwingine. Akaniletea dawa. Kijiko kila asubuhi." Alisukuma mlango wa kabati ukafunga. "Leo akasema niongeze."

"Na wewe ukaongeza."

"Nimeomba sana juu ya hili jambo, mama. Kila siku naomba."

"Hata mimi naomba," Branice akasema. "Siku hizi zote namsumbua Mungu aniondolee marehemu. Kumbe ni kijiko."

Magari yakasimama nje. Bwana Sylus, mratibu, aliingia mbele, viatu vyake vikilia kwenye saruji mpya, wageni wakimfuata. Mama mmoja wa makamo kutoka Moshi alifunika mdomo kwa mkono.

"Jamani, walivyotulia! Kwetu wakati huu hatusikilizani."

"Ndiyo siri yetu," Sylus alisema. "Tuna saa ya utulivu. Mtoto akitulia, mama anafanya kazi, shamba linasonga, familia inainuka."

Mgeni wa Kampala akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Hili tutalibeba," alisema. "Kila upande wa mpaka wafanye namna hii."

Wakapiga makofi kwa ncha za vidole, wasije wakawaamsha watoto.

Branice alikuwa amechovya pembe ya leso kwenye ndoo ya maji. Alimpangusa Jeconia uso, akamsugua nyayo, akampuliza sikioni. Akarudia. Moyoni hakuwa na maneno ya sala, alikuwa na jina la Yesu tu, akilirudia kila anaposugua. Mwishowe kope zikapanda. Mtoto alimtazama kama mtu anayetazama kutoka chini ya kisima. Kisha uso ukajikunja, na kilio kikatoka, chembamba, chenye mikwaruzo, kama bawaba iliyokaa muda bila kufunguliwa.

Kila mtu akageuka.

"Mama," Sylus alisema akitabasamu, "mtulize mtoto."

"Ametulizwa vya kutosha."

Mumbe alimvuta sketi. "Branice, tafadhali. Mpe titi," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Wakifunga hapa, kesho tutawaacha wapi? Kwenye miba?"

Branice alimsikia. Alimwendea yule mama wa Moshi, akamwinulia mtoto.

"Shikamoo, mama. Naomba unuse mdomo wake."

"Marahaba," mgeni akajibu, akishangaa. Akainama, akanusa. Alipoinuka, uso wake haukuwa ule alioinama nao. Alimtazama Sylus, akatazama mikeka.

"Huyu si wa hapa," Sylus alisema upesi. "Ni mgonjwa, ameletwa leo tu. Si ndiyo, Mwalimu?"

Lois aliangalia sakafu. Akina mama wote wakaiangalia sakafu hiyo hiyo.

"Pole, mama," mgeni alisema hatimaye, kwa upole. "Mpeleke hospitali. Sisi tutalizungumza kikaoni." Nje, dereva alipiga honi, kwa maana kulikuwa na kituo kingine cha kuonyeshwa kabla ya chakula.

"Mradi hauwezi kumpokea mtoto mgonjwa," Sylus alimwambia Branice, sasa bila tabasamu. "Kesho usimlete."

"Sitamleta."

Alimfunga mgongoni, akatoka. Kesho alfajiri filimbi ya nyapara ingelia, na hakujua angemwacha kwa nani. Kwanza ilikuwa ni kufika hospitali ya Mwatate, jua la utosi likiwa juu yao, mtoto akiguna na kulia mgongoni. Akamwacha alie.

Langoni alisimama kidogo. Yeyote aliyelea anajua kwamba mtoto mmoja akilia mwenzake humjibu, hata kama hana lake la kulilia. Kwenye laini, mmoja akianza, vyumba vyote hupokea, mpaka mbuzi zizini. Branice aligeuza mgongo kuelekea madirisha ya kituo, ili sauti ya Jeconia iingie vizuri ndani. Mtoto alilia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Ndani akina mama walianza kuwaimbia wageni. Makofi yakapokea. Branice alizuia pumzi, akasikiza chini ya wimbo na chini ya makofi, akimngoja Wendy, akiwangoja mapacha, akimngoja yeyote.

Hakuna mtoto aliyeitikia.