Sauti ya Toakase

Jumamosi hiyo Mchungaji Tindall alikuwa barazani akifunga masufuria yake kwa magazeti ya zamani, huku akiimba kwa sauti ya Toakase. Meli ya kumrudisha kwao ilitarajiwa Jumatatu. Toakase mwenyewe alikuwa akipita njiani na kapu la viazi vikuu vya karamu ya kuagana. Akasimama kidogo kando ya ua kuisikiliza, kisha akashika njia yake.

Hakuna kijijini aliyeliona hilo kuwa ajabu. Tindall alipofika Ha'apai, visiwani Tonga, bado kijana, alikuwa na sauti ya kukwaruza kama mlango wenye kutu. Jumapili yake ya kwanza alimsikia Toakase akiimba kwaya, akamwambia mbele za watu kwamba hajapata kusikia sauti nzuri kama ile. Sasa, Tonga ukikisifu kitu cha mtu, umekwisha kupewa. Ukisifu mkeka, utaondoka na mkeka. Jioni ile Toakase na mama yake wakaja na nguruwe mdogo wa kuokwa, pamoja na sauti, imefungwa vizuri ndani ya kipande cha ngatu, kile kitambaa cha magome wanachokiponda wanawake. Tindall alikuwa amefundishwa chuoni kwamba zawadi haikataliwi. Akashukuru, akafungua.

Alipokuja kuelewa alijaribu kuirudisha. Mama mtu akamfungia mlango, kwa sababu kurudisha zawadi ni kumtemea mate aliyeitoa. Hakujaribu tena, na hapa tusimsitiri: alikuwa amekwisha kuipenda. Kanisa lilifurika mpaka watu wakawa wanakaa nje. Wanakijiji hawakuisifu hata siku moja, maana kuisifu ingekuwa kuiomba, na mchungaji wako humwombi kitu. Wageni waliopita walisifu nguruwe, wakapewa nguruwe.

Toakase aliolewa kimya. Aliwabembeleza binti zake kwa kuwapigapiga mgongoni. Mumewe Maikeli alipozama, na wanawake wote wakiomboleza juu ya maiti, yeye alifungua kinywa tu. Aliyemwimbia marehemu kaburini alikuwa mchungaji. Watu walilia siku ile kuliko msiba wowote, kwani walikuwa wakimsikia mjane akiimba na huku mjane amesimama pale, midomo imefumbwa. Tindall alirudi nyumbani akashindwa kula.

"Masufuria umeyafunga vizuri, Mchungaji," alisema Fusi, dada yake Toakase, akijiketisha juu ya kasha bila kukaribishwa. "Na ile nyingine utaifunga na nini?"

"Fusi, usinitanie leo. Niliirudisha, hamkuitaka."

"Hairudishwi, baba. Inasifiwa. Na Toakase ataisifu kwa nini, kwa nyusi?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mpaka kesho wewe ni mchungaji wetu, ni aibu kukuomba. Baada ya ibada utakuwa msafiri tu. Kwenye karamu nitasimama mimi, nitaisifu. Utanipa, nami nitampa mwenyewe."

"Usije ukabaki nayo."

"Mimi? Hii niliyo nayo mume wangu anasema inamtosha, tena imezidi."

Tindall akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Alijua kwamba atarudi kwao bubu, kwani sauti aliyozaliwa nayo ilikauka zamani kwa kutotumiwa. Alikubali. Moyo ulimuuma, lakini alikubali.

Jumapili, baada ya ibada, waliketi kwenye mikeka mbele ya nguruwe na majimbi na samaki. Toakase aliketi mbele na binti zake, amejifunga kiunoni, kama desturi ya huko kwenye shughuli, mkeka wake mzuri kuliko yote, ule wa harusi. Binti hao hawakuwahi kuisikia sauti ya mama yao ikitoka kinywani mwake. Karibu nao alikuwa Rowley, mchungaji mpya, kijana aliyeshuka juzi na Kitonga chake cha kujifunza melini.

Tindall akaimba wimbo wa mwisho. Fusi alikuwa ndiyo kwanza anainuka, anauweka sawa mkeka wa kiunoni, Rowley akawahi kusimama. Kwao alilelewa vizuri.

"Mchungaji," alisema, "sijapata kusikia sauti nzuri kama hii."

Mzee wa kanisa aliyekuwa akitafuna akaacha kutafuna. Macho yote yakamgeukia Tindall. Angeweza kujibu asante, kama wanavyojibu kwao. Lakini alikuwa amekaa huku umri mzima, na aliona aibu kuitwa bahili mbele ya kijiji kizima, siku ya mwisho, kwa kukizuia kilichosifiwa. Tena akajipa moyo: Fusi ataisifu kwa huyu kijana, ambaye kanisa hajalishika bado, naye atatoa. Mambo yatachelewa kidogo tu. Akaomba kipande cha ngatu, akaifunga, akampa. Rowley akashukuru, akafungua.

Fusi hakukata tamaa. "Mchungaji kijana," alisema kwa nguvu, "sauti yako ni nzuri. Nzuri mno. Nasema watu wote wasikie."

Rowley akaona haya, uso ukamwiva. "Asante sana, mama," alijibu kwa sauti ya Toakase. "Ni neema ya Mungu tu."

"Nzuri, nasema!"

"Asante," akasema tena, akaketi, akachukua kipande kingine cha nguruwe.

Tindall alifungua kinywa amweleze. Hakikutoka kitu. Akaonyesha koo lake, akamwonyesha Toakase, akakunja mikono kifuani. Rowley akadhani mzee anawaaga watu, akamhurumia, akaanzisha wimbo wa kuagana. Aliuimba vizuri sana, na watu wakaupokea, kwa kuwa wimbo ukianzishwa hauachwi.

Toakase alisikiliza ubeti wote wa kwanza. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampa Tindall nafasi, wakaketi wote wawili, midomo imefumbwa.

"Mama mdogo," binti mdogo wa Toakase akamnong'oneza Fusi, "huyu atakaa sana?"

"Angali kijana, mwanangu," Fusi akasema, akaanza kukusanya majani waliyolia chakula.